Uyoga wa Ihovelo

Mvua za Desemba zikishaanza, Oktavia Mlowe huviweka kando viatu vyake vya ofisini. Huvaa mabuti ya mpira na makoti mawili, moja juu ya jingine, huvuta kofia ya sufu mpaka masikioni, kisha huingia msituni na kikapu. Kazi yake ni kukusanya uyoga wa porini kwa ajili ya jumba la sampuli la kituo kimoja cha utafiti mjini Njombe. Hatafuti uyoga wa kula. Ule wa kula huuacha hapohapo ulipo, isipokuwa kama ni wa aina isiyojulikana bado, na huo hata ukinukia vipi hauendi jikoni, unakaushwa.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado umeng'ang'ania mianzi. Oktavia alikuwa amepiga magoti kwenye mteremko, kisu mkononi, akiung'oa uyoga mdogo wa njano kuanzia chini kabisa ya shina, kwa sababu uyoga ukikatwa juujuu nusu ya habari zake hubaki ardhini. Akaunusa. Akauminya ukingoni aone kama utabadilika rangi. Akamega chembe, akaionja kwa ncha ya ulimi, akatema. Akaupiga picha na rula ikiwa pembeni, akaufunga kwenye karatasi ya nta, akaandika rangi yake papo hapo, maana uyoga ukishakauka wote hufanana, kama watu waliopigwa picha za zamani.

Alipoinua kichwa akaona kigoda.

Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, kimeota katikati ya majani makavu. Oktavia alikisogelea kama anavyousogelea uyoga wowote, kutokea upande wenye mwanga. Kilikuwa cheupe kinachoelekea kahawia. Kikalio chake kilikuwa na ngozi laini, yenye umande, na chini ya kikalio kulikuwa na mikunjo myembamba iliyopangika kutoka katikati kwenda ukingoni. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mingine. Kilinukia unga wa mahindi ulioloa, na kwa mbali, nyuma ya harufu hiyo, kulikuwa na harufu ya moshi. Oktavia alikwisha kuona uyoga wenye umbo la sikio, uyoga wenye umbo la kiota na vijiyai vyake ndani, na mwingine mwekundu uliotoka ardhini kama vidole vya mtu. Akakipima, akakipiga picha, akaichimbua miguu yote kwa uangalifu, akaandika: "Umbo la kigoda. Mashina matatu, moja fupi."

Kwenye kizuizi cha msitu alikuwapo Yusto Sanga, askari wa misitu, Mkinga kutoka Makete, mtu asiyeongea sana. Alitazama ndani ya kikapu, kisha akatazama kigoda.

"Kibali chako kinasema uyoga, dada Oktavia."

"Ni uyoga."

Yusto akakigonga kwa kidole, akainama akakinusa. "Kweli, ni uyoga," alisema, akainua mti wa kizuizi.

Jumamosi Oktavia alipanda Coaster kwenda Makambako, nyumbani kwao Kitandililo. Baba yake, mzee Nahumu, alikuwa ameketi barazani akipukuchua mahindi. Kila mara binti yake alipokuja alimwonyesha picha za uyoga kwenye simu, na mzee alizitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha za watoto wa jirani. Alipofika kwenye kigoda akaliweka gunzi chini.

"Hiki ni cha Feliciana," alisema.

"Ni uyoga, baba."

"Sikatai. Lakini ni cha Feliciana. Huo mguu mbwa wetu ndiye aliyeutafuna. Mama alinituma nikaombe radhi."

Oktavia alijua kwamba baba yake alizaliwa mlimani. Kwao neno hilo, "mlimani", lilikuwa jibu la maswali mengi, na hakuna aliyezoea kuuliza zaidi ya hapo. Siku hiyo mzee alilitaja jina lenyewe. Kijiji kiliitwa Ihovelo. Kilikuwa na kanisa dogo la Kilutheri, mashamba ya njegere na vichaka vya mianzi. Mipaka ya hifadhi ilipoteremshwa mpaka chini ya kijiji, watu waliambiwa wahame, wakaomba kwanza wavune, maana njegere zilikuwa zimetoa maua. Njegere zilipokomaa, Nahumu, wakati huo kijana ambaye hajaoa, alibeba mzigo wa kwanza akaenda kuuza Makambako. Aliporudi alikuta alama za matairi ya malori na majivu yenye uvuguvugu.

Aliambiwa kwamba watu wote walipakiwa salama na hakuna aliyedhurika. Tatizo ni kwamba malori yaliwashusha watu sehemu mbalimbali, na kila alipokwenda, mama yake hakuwa miongoni mwa walioshushwa. Mama huyo, Lucia, alikuwa na ugonjwa wa nyonga na alitembea kwa shida. Mtu mmoja akamwambia Nahumu kwamba lori la wazee na wagonjwa lilishika njia ya Ludewa, likateremka mpaka ziwani. Basi akaenda Manda, ufukweni. Akawauliza wavuvi kama wamemwona mama mmoja wa nchi ya baridi, anayelalamikia joto na asiyetaka kula samaki. Wavuvi walimpokea vizuri. Mmoja alisema anadhani amemwona. Tangu hapo, kila baada ya mavuno, Nahumu aliteremka Manda na kifurushi cha njegere, mpaka magoti yake yalipokataa safari.

"Najua hawezi kuwa hai," alimwambia Oktavia. "Lakini najua alikufa mahali penye joto, akiangalia maji. Hilo linanitosha."

Juma lililofuata Oktavia aliongeza wasaidizi kwenye kibali chake. Wa kwanza alikuwa Nahumu. Wa pili alikuwa Feliciana, mama mtu mzima mwenye duka la mbegu karibu na stendi ya Makambako, ambaye alifunga duka bila kuuliza swali hata moja. Walifika kwenye kizuizi wamevaa nguo za kanisani. Yusto aliwatazama viatu vyao.

"Hawa ni wasaidizi?"

"Ni wasaidizi," alisema Oktavia.

"Kuna utelezi," Yusto aliwaambia, akawapa fimbo mbili zilizokuwa zimeegemea kibanda chake.

Walipofika kwenye ule mteremko, mvua ilikuwa imefanya kazi. Vinu vilikuwa vimeota, vikubwa kwa vidogo, na michi ikiwa imesimama ndani yake. Nyungo zilikuwa zimetoka kwenye magogo yaliyooza, zimepandana kama nyungo zinavyopandana jikoni. Kulikuwa na kitanda cha kamba, na kamba zenyewe zilikuwa nyuzi nyeupe za uyoga, zimesukwa. Feliciana alipita katikati akivitaja vitu kwa majina ya wenyewe: hiki cha mama Enoki, hiki cha mzee Sadock, huu mlango wa mwalimu. Hakupaza sauti. Alikuwa kama mtu anayefanya usafi kabla ya wageni kuingia.

"Na nyumba zitakuja?" alimuuliza Oktavia.

Oktavia alichutama, akagusa ardhi. Kulikuwa na kingo ndefu zikichomoza chini ya majani, nyororo, zimenyooka na kukata kona. "Mvua ikiendelea hivi, zitakuja," alisema.

Mvua iliendelea. Nyumba zilikuja zikipanda taratibu, kuta kwanza, kisha paa, zikiwa zimejipanga kati ya miti iliyoota baada yao, hivyo nyumba nyingine zilikuwa na mti sebuleni. Kanisa nalo lilisimama. Jua lilipopata upenyo kwenye ukungu, mwanga ulipita kwenye kuta kama unavyopita kwenye sikio la mtoto, na mtu aliyekuwa ndani aliiona mikono yake mwenyewe kuwa ya rangi ya asali. Ndege hawakuacha kuimba. Watu wa Ihovelo walisikia, wakaja, wengine kutoka Njombe mjini, wengine kutoka Ludewa, na orodha ya wasaidizi wa Oktavia ikawa ndefu kuliko ya mtafiti yeyote wa kituo. Waliingia makwao wakainama mlangoni, kila mtu akiinama pale alipozoea kuinama. Ndani walikaa tu. Vijukuu waliokuja nao waliambiwa wasiegemee ukuta.

Oktavia hakuacha kazi. Aliandika harufu, urefu, rangi ya mikunjo, aina ya udongo. Ndivyo alivyokuja kuona jambo ambalo wengine, kwa furaha, hawakuliona. Mipini ilikuwapo, lakini hakuna jembe hata moja. Kanisani ilikuwapo kamba ya kengele, ikining'inia kutoka darini, lakini kengele haikuwapo. Miiko ya mbao ilirudi, vyungu havikurudi. Milango ilisimama bila bawaba. Alizunguka kijiji kizima akihakikisha, kama anavyohakikisha kila kitu, akitumaini kukuta sufuria moja, kisu kimoja, jiwe moja la kusagia lililoota. Hakukuta. Kilichorudi ni kile tu ambacho moto ulikila.

Alisimama katikati ya njia ya kijiji, akamtafuta baba yake kwa macho. Mzee Nahumu alikuwa anapanda kuelekea nyumba ya juu kabisa, ambayo ilichelewa kukomaa na ndiyo kwanza ilikuwa imefunga paa lake.

"Baba," Oktavia aliita. "Subiri nitangulie mimi."

"Nyumba ya mama yangu nitangulie mimi."

"Tafadhali, baba."

Mzee aligeuka akamtazama. Alimwona jinsi alivyosimama, akajua kuna kitu, lakini hakujua ni nini. "Huko ndani kuna mkeka na kabati la mninga," alisema kwa upole. "Nataka nilione kabati." Akainama, akaingia.

Oktavia alimfuata. Kabati lilikuwapo. Mkeka ulikuwapo, na juu ya mkeka Lucia alikuwa amelala kwa ubavu, magoti yamekunjwa, kiganja kimoja chini ya shavu. Alikuwa na weupe unaoelekea kahawia, kama vitu vyote vya kijiji. Nguo aliyojifunga ilikuwa mikunjo myembamba sana, iliyoshuka kutoka kiunoni mpaka miguuni bila kukatika. Kwenye mkono wa juu palikuwa na kovu la mundu. Macho yake yalikuwa yamefumba. Fimbo yake ya kutembelea ilikuwa imeota mlangoni, mbali na mkono wake.

Nahumu alikaa chini, pembeni ya mkeka. Alikaa hivyo mpaka mwanga wa ukutani ukabadilika rangi.

"Kumbe hukufika Manda," alisema.

Oktavia alitaka kumshika bega, lakini mikono yake ilikuwa na udongo. Akaifuta kwenye koti, akamshika. Chini ya koti la sherehe bega la baba yake lilikuwa dogo kuliko alivyodhani. Watu wengine walikuja wakasimama nje. Feliciana alichungulia, akaona, akarudi nyuma akawaambia wenzake, na wanaume wakavua kofia zao kwenye ile baridi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwa nini vyungu havikurudi.

Mkuu wa kituo, Bwana Remmy, alikuwa mtu mpole ambaye hakuwahi kumkatiza mtu maneno. Oktavia alipomweleza, alisikiliza mpaka mwisho, akapiga simu wilayani, na baadaye akapanda mlima yeye mwenyewe, akiwa na afisa mmoja mwenye faili kwapani. Walisimama mlangoni pa nyumba ya Lucia. Afisa aliinamisha kichwa.

"Pole sana, mzee," alimwambia Nahumu.

"Asante."

"Ni mama yako kabisa. Hilo halina ubishi." Afisa alifungua faili, kisha akalifunga tena bila kulisoma, maana alilijua. "Isipokuwa suala la Ihovelo lilikwisha kufungwa. Wananchi walihama kwa hiari, na hakuna aliyedhurika. Ili lifunguliwe, lazima pawe na kifo. Ili pawe na kifo, lazima pawe na mwili." Akamgeukia Oktavia. "Wewe ndiye mtaalamu hapa, mama. Huu ni mwili au ni uyoga?"

Oktavia alipiga magoti. Hakukata kitu. Alitazama mikunjo ya nguo, akainama karibu na mkono wenye kovu, akanusa. Alitamani kwa mara ya kwanza maishani mwake kwamba macho yake yamdanganye. Watu wote walikuwa wakimsubiri, na baba yake pia.

"Ni uyoga," alisema. "Na ni bibi yangu."

"Sikatai," alisema afisa. "Lakini nafasi ya kuandika ni ya kimoja."

Aliandika kimoja. Kisha akaeleza, bila ukali, kwamba uyoga wa hifadhi ni mali ya umma, na hautoki msituni isipokuwa kama sampuli, kwa mwenye kibali. Bwana Remmy alitazama viatu vyake. Njiani wakati wa kushuka alimwambia Oktavia kwamba sampuli ile ni ya kipekee, na kwamba anasikitika sana, na yote mawili yalikuwa kweli.

Nahumu alijaribu njia nyingine. Alikwenda kuomba nafasi ya kaburi mjini Makambako. Karani alimkaribisha kiti, akamuuliza marehemu alifia wapi, akaitafuta Ihovelo kwenye kompyuta, hakuiona, akamwambia kwa heshima zote kwamba mtu hawezi kufia mahali ambapo hapapo. Lilibaki shamba lake mwenyewe la Kitandililo. Lakini wapimaji wa viwanja walikuwa wamepita huko miezi ya karibuni na kuchimbia mawe yao katikati ya mahindi, na Nahumu hakutaka kumlaza mama yake mahali ambapo anaweza tena kuambiwa aondoke.

Wakati huo mvua zilipumzika, na uyoga hausubiri. Milango ndiyo iliyoanza kulegea. Paa la kanisa liligeuka jeusi, likadondosha matone mazito kama wino. Nyumba ya Feliciana ililala chini polepole wakati mwenyewe yuko nje anasuka nywele za mjukuu wake. Alisimama akaitazama.

"Safari hii imeanguka yenyewe," alisema, akaendelea kusuka.

Oktavia alimkuta baba yake ndani, anampepea Lucia kwa jani la mgomba pori ili wadudu wasitue.

"Zimebaki siku chache, baba. Nikimwacha, ataoza. Nikimtoa, inabidi nimkaushe. Nikimkausha anakuwa sampuli."

"Sampuli zinakaa wapi?"

"Kwenye droo. Pakavu, pamefungwa."

"Kwa muda gani?"

"Zipo za kabla ya Uhuru. Hakuna anayezigusa bila ruhusa."

Mzee alipepea tena. "Hazihamishwi?"

"Hazihamishwi."

"Basi mtoe." Kisha akamshika mkono. "Lakini kwenye lile sanduku lenu la joto haingii. Umenisikia, mama? Mama yangu haendi tena penye moto."

Alimwita binti yake mama, kama akina baba wengi wanavyowaita binti zao, lakini siku hiyo Oktavia alilisikia neno hilo likigawanyika kwa watu wawili waliokuwa mle ndani.

Walimkata chini kabisa, pamoja na mkeka wake. Oktavia ndiye aliyeshika kisu. Wanaume walitengeneza machela ya mianzi, ingawa hapakuwa na uzito wa kuhitaji wanaume. Lucia alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Walipofika kwenye kizuizi, Yusto alitoka kibandani na daftari lake la zamu.

"Mmebeba nini?" aliuliza, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Oktavia aliingiza mkono mfukoni kutoa kibali.

"Lucia," alisema Feliciana.

Yusto aliandika uyoga. Kisha akavua kofia, akainua mti wa kizuizi, na japo mti ule hukaa juu wenyewe kwa jiwe lililofungwa upande wa pili, aliushikilia kwa mikono miwili mpaka mtu wa mwisho alipopita.

Kwa kuwa Nahumu hakutaka moto, walimpeleka Lucia kwenye upepo. Njombe haina upepo wa kutosha, ina ukungu, lakini Makambako upepo wake unajulikana. Unang'oa mabati, unaanua nguo kambani kabla ya mwenyewe. Nahumu alijenga uchanja uani kwake Kitandililo, wakamlaza Lucia juu yake, wakaketi. Watu wa Ihovelo walijaa pale uani na mikeka yao na mablanketi yao. Wanawake walipika makande na viazi nje ya ua, kwa jirani, ili moshi usielekee kwake. Asubuhi waliimba nyimbo za kanisani kwa sauti nne, kama kwaya yao ya zamani, na palipokuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kufa waliiachia nafasi yake. Upepo ulikuja kutoka upande wa bonde, umetulia, hauna vumbi, ukipita juu ya uchanja na kuliacha bati la jirani kama lilivyo.

Oktavia alimwangalia kila siku, maana ukaushaji ni kazi inayotaka jicho. Uyoga ukikauka hunywea, ngozi huingia ndani, mistari huongezeka. Lucia aliyelala kwenye uchanja siku ya kwanza alikuwa mwanamke wa makamo mwenye nyonga mbovu, mdogo kuliko mwanawe. Upepo ulipoendelea, mikunjo ilishuka kando ya mdomo wake. Shingo ikapungua. Mikono ikawa ya mfupa na ngozi. Kila siku alizeeka kidogo, akapita umri wa dada zake, akampita na mwanawe, na akaendelea bila haraka, mpaka akaufikia umri ambao angekuwa nao leo kama angeachwa aishi. Hapo akakoma, maana alikuwa amekauka.

Nahumu alikuwa ameketi karibu muda wote huo. Hakuwa amemwona mama yake akizeeka, na sasa alikuwa amemwona. Alimsogezea khanga mabegani. Uso wake ulikuwa na mshangao mdogo, wa kimyakimya, kama wa mtu aliyeletewa chakula ambacho alidhani kimekwisha.

"Amefanana na wewe," Oktavia alimwambia.

"Mimi ndiye niliyefanana naye," alisema mzee.

Jumba la sampuli lilimpokea Lucia kwa utaratibu wake wa kawaida. Oktavia aliandika kibandiko mwenyewe: mahali, Ihovelo, umeota juu ya mkeka, ndani ya nyumba. Kilipochapishwa na kurudi, mahali palisomeka kitalu cha kaskazini cha hifadhi, na badala ya nyumba paliandikwa udongo mweusi wenye majivu. Oktavia alikwenda kwa Bwana Remmy. Bwana Remmy alimwonyesha ramani, wakaitazama wote wawili kwa muda mrefu. Juu ya mteremko ule ramani ilikuwa ya kijani kitupu. Alimwambia kwamba yeye binafsi anajua, na akamwagizia chai.

Lucia alilazwa kwenye droo pana ya chini, ambako mtu mwenye magoti mabovu anaweza kukaa kwenye kiti na kumfikia. Nahumu huja mara kwa mara kwa Coaster ya asubuhi. Walinzi wanamjua. Siku moja mwezi wa sita, baridi ikiwa kali na madirisha yamefungwa, alikuta wanafunzi wa sekondari waliokuja na mwalimu wao kujifunza. Jasmine, dada anayepokea wageni, alikuwa amezifungua droo kadhaa na kuwaeleza wanafunzi jinsi uyoga unavyolisha miti kwa nyuzi zilizo chini ya ardhi. Wanafunzi walikuwa wamezunguka, wamekunja mikono ndani ya masweta. Oktavia alikuwa mezani kwake pembeni, akifunga sampuli mpya. Alimvutia baba yake kiti.

Jasmine alimwona mzee, akanyamaza, akamfungulia droo ya chini.

Nahumu alivua kofia. "Kamwene, mama," alisema.

"Kamwene," aliitikia Lucia kutoka kwenye droo, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa kutoka usingizi wa mchana. Akamuuliza njegere zimeshikaje mwaka huu. Nahumu akamwambia zimeshika vizuri, baridi haijaziunguza. Wakaulizana habari za nyumbani, mmoja baada ya mwingine, kama inavyotakiwa.

Jasmine alisubiri wamalize kusalimiana. Kisha akawageukia wanafunzi, akaendelea pale alipokuwa ameishia, kwamba sampuli zote za upande huu zimetoka katika msitu wa asili, mmoja wa michache iliyosalia nchini ambayo binadamu hajawahi kuishi ndani yake. Wanafunzi wakaandika.